Tshibumba, mchoraji aliyeiandika historia ya Kongo kwa brashi

Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hakusubiri makumbusho yamtambue. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akawauzia watu wa kawaida picha za kutundika sebuleni. Alijiita mwanahistoria.

Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian picha 101 za historia ya Kongo, tangu kabla ya ukoloni hadi utawala wa Mobutu, akimfafanulia kwa Kiswahili. Katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba aliweka misalaba mitatu nyuma ya maiti, akimfananisha na Yesu.

Alitoweka mapema miaka ya 1980, lakini kazi yake iliendelea kuwagusa wasanii waliomfuata. Mwaka 2016 Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, alishiriki kuandaa maonyesho ya uchoraji wa Kongo mjini Brussels, na picha za Tshibumba zilikuwemo.

Kwa wakazi wa Kitshanga, mji wa Masisi uliotekwa na M23 Januari 2023, somo lake halijapitwa na wakati: aliyeyaona mambo kwa macho yake ana haki ya kuyasimulia mwenyewe.