Gharama ya Joto Linalofika Chunguni: Mkaa, Gesi na Umeme Pembezoni mwa Dar es Salaam

Tafiti za vyuo vikuu kuhusu nishati ya kupikia hugawanyika mara nyingi baina ya idara zisizosomana. Mhandisi hupima ufanisi wa jiko katika maabara na kueleza ni sehemu gani ya joto la mkaa hufika kwenye maji. Mchumi hupita nyumba kwa nyumba na dodoso na kuandika kaya inatumia shilingi ngapi kwa mwezi. Matokeo hayo mawili yakiwekwa katika tasnifu moja bila kuunganishwa, huzaa hitimisho lililozoeleka: gesi na umeme ni nafuu kuliko mkaa, hivyo kaya inayoendelea kununua mkaa inahitaji kuelimishwa. Makala haya yanaonesha kwamba hitimisho hilo halitokani na vipimo hivyo, na kwamba mpishi wa Mbagala au Bunju huenda anapiga hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli.

Suala lenyewe si dogo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa kaya za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa kama nishati kuu zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kati ya takwimu hizo na lengo hilo pana swali la bei, na bei lazima kwanza ielezwe ni ya kitu gani.

Kipimo kinachofaa ni bei ya megajuli moja ya joto lililofika chunguni. Kilo moja ya mkaa mkavu ina takriban megajuli 29. Jiko la bati lisilo na udongo, likichukuliwa kuwa na ufanisi wa asilimia 15, hufikisha megajuli 4.35, jiko lenye kikombe cha udongo, kwa asilimia 25, hufikisha 7.25. Kilo ya gesi ya mitungi ina takriban megajuli 46, na kwa ufanisi wa asilimia 55 hufikisha kama 25. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, katika jiko la sahani lenye ufanisi wa asilimia 70, hufika 2.52. Kwa viwango hivyo, mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ya kilo 21 hivi za mkaa katika jiko la udongo, au kilo 35 katika jiko la bati. Hadi hapa mhandisi ametimiza wajibu wake.

Ugumu huanza pale mkaa unapotoka kwenye mizani. Pembezoni mwa jiji mkaa hauuzwi kwa kilo. Huuzwa kwa kopo, kwa debe na kwa gunia, yaani kwa ujazo, ilhali joto hufuata uzito. Mkaa wa miti migumu ya miombo ni mzito. Wa mwembe au mkorosho ni mwepesi, hivyo kopo lilelile kwa bei ileile hubeba nishati tofauti. Mnunuzi hulijua hilo bila mizani: hulipima kopo kwa mkono, hugonga vipande asikie mlio, hukataa chenga. Msimu wa mvua huongeza tatizo jingine. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya mkaa hula zaidi ya megajuli 2.5 kabla haijageuka mvuke na kuondoka. Dodoso linalouliza tu “unatumia makopo mangapi kwa siku?” huyapoteza haya yote, na mtafiti akizidisha makopo kwa uzito mmoja wa wastani huwa ameingiza kosa kubwa kuliko tofauti anayoitafuta.

Jiko nalo halibaki kama lilivyopimwa. Kikombe cha udongo hupashwa moto na kupozwa kila siku, wakati mwingine kwa kumwagiwa maji, na hatimaye hupata nyufa. Ustahimilivu wake hutegemea aina ya udongo, mchanga uliochanganywa ndani yake na kiwango cha joto katika tanuri la kuchomea. Vilima vya Pugu, vilivyo jirani na jiji, vina hazina kubwa ya kaolini, udongo unaostahimili joto kali, kwa hiyo mali ghafi haiko mbali. Lakini jiko jipya likipimwa mara moja kwa kuchemsha maji, asilimia 25 inayopatikana ni ya siku hiyo. Kipimo hicho kingerudiwa kwa majiko yaliyokwisha kutumika mwaka mzima jikoni, sayansi ya vifaa ingewapa wachumi namba wanayoihitaji kweli.

Kwa upande wa gesi, kikwazo kinachofahamika ni fedha za mkupuo. Anayepata kipato cha siku hununua mkaa wa siku. Mtungi mdogo unaojazwa mara moja humtaka atoe kwa pamoja thamani ya kilo 21 za mkaa, na ukiisha katikati ya mwezi hauna kopo la kuazima. Ruzuku ya mtungi na jiko hupunguza gharama ya kuanza tu. Ujazo wa pili hubaki palepale. Ndiyo maana wazo la KopaGas, kampuni iliyoanzia Dar es Salaam, la kufunga mita kwenye mtungi ili mteja alipie kiasi anachotumia, lina uzito wa kiuchumi kuliko nyongeza yoyote ya ufanisi wa jiko: liliishusha gesi kwenye kipimo cha kopo.

Umeme ndio unaodai uangalifu zaidi, kwa sababu hauna bei moja. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa matumizi madogo alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, kabla ya kodi na tozo. Kwa shilingi 100, megajuli moja chunguni hugharimu kama shilingi 40, na mkaa katika jiko la udongo hauwezi kushindana isipokuwa kilo iuzwe chini ya shilingi 290 hivi. Kwa shilingi 350, kikomo hicho hupanda hadi takriban shilingi 1,000. Mkaa uleule hushindwa katika hesabu ya kwanza na kushinda katika ya pili.

Swali basi ni kama uniti za kupikia huangukia ndani ya zile 75. Kaya inayohitaji megajuli 10 chunguni kwa siku itatumia karibu uniti 120 kwa mwezi kwa kupika pekee. Mteja huyo akihamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako bei ilikuwa shilingi 292 kwa kila uniti, hata zile 75 za taa, feni na jokofu hupanda bei: shilingi 192 zaidi kwa kila moja, jumla shilingi 14,400 kwa mwezi. Kiasi hicho kimesababishwa na jiko, na hakipaswi kuachwa nje ya hesabu yake kwa kuwa tu kimejitokeza kwenye taa.

Sufuria ya umeme ya mgandamizo hubadilisha picha kwa kiasi. Maharage yanayochemka saa mbili au tatu juu ya mkaa huiva humo kwa chini ya uniti moja. Hapa asilimia ya ufanisi haisemi lolote la maana, kwani kilichopungua ni joto ambalo chakula chenyewe kinalihitaji. Ulinganisho ufanywe kwa chungu kilichoiva.

Lakini katika nyumba nyingi za kupanga wapangaji hutumia LUKU moja. Watatu wenye kutumia uniti 25 kila mmoja wamekwisha kufika 75 kabla jiko lolote halijawashwa. Wa kwanza kuchomeka sufuria huwapandishia wenzake bei, na gharama hugawanywa kwa vichwa au kwa vyumba, si kwa matumizi. Mwenye nyumba anayepiga marufuku majiko ya umeme hutatua ugomvi huo kwa njia rahisi kuliko zote alizonazo. Katika dodoso, mpangaji huyo huandikwa kwamba ana umeme na amechagua mkaa.