Selimundu: Kuna Dawa ya Kunyamazisha Jeni?

Familia nyingi za Bariadi, Maswa na Meatu zinaufahamu ugonjwa wa selimundu: mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, macho huwa manjano, damu hupungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, kwa sampuli za watoto wachanga zilizopimwa Bugando, Mwanza, ulionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa nchi yetu mtoto 1 kati ya 5 hubeba jeni ya ugonjwa huu. Si laana wala uchawi. Mgonjwa amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Asilaumiwe mama peke yake.

Mtoto akiwa tumboni ana himoglobini ya kichanga, ambayo haipindi chembe za damu. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima. Kipande cha RNA kinaweza kuinyamazisha jeni hiyo. Mwaka 2021 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza kwamba himoglobini ya kichanga iliongezeka kwa wagonjwa 6 waliotibiwa hivyo. Lakini chembe zao zilitolewa mwilini, zikatiwa maagizo ya RNA maabara, na uboho wao ukasafishwa kwa dawa kali kabla ya kurudishiwa. Hilo haliwezekani katika zahanati.

Kwa nini isiwe sindano tu? RNA ikidungwa peke yake huharibika katika damu, na ukuta wa chembe huizuia. Inahitaji mbebaji. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba Tat, protini ya virusi vya UKIMWI, hupenya ukuta huo. Tangu hapo wataalamu wanatengeneza peptidi, yaani minyororo mifupi ya vijenzi vya protini, ili ziifunge RNA na kuiingiza ndani. Humo mzigo hunaswa katika kifuko na kusagwa, hivyo peptidi huongezewa sehemu ya kukipasua. Dawa ya kwanza ya RNA ya namna hii, iliyoidhinishwa mwaka 2018 kwa ugonjwa mwingine, hubebwa na vitone vya mafuta hadi kwenye ini. Kuufikia uboho ni kazi ngumu zaidi.

Basi tusikae kungoja. Vidonge vya haidroksiyurea, vinavyotolewa na daktari, navyo huongeza himoglobini ya kichanga. Wazazi, mpimeni mtoto mapema, mlazeni ndani ya chandarua, mpeni maji ya kutosha, na akipata homa mkimbizeni hospitali. Anayewauzia dawa ya kufuta jeni leo sokoni, msimpe fedha yenu.