Figo za Mgonjwa wa Kisukari Hazingoji
KISUKARI si ugonjwa mgeni katika mwambao wetu, kutoka Bagamoyo hadi Saadani, wala visiwani. Lakini si wote wanaougua wanaojua kwamba sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu figo, tena kimya kimya, bila ya maumivu. Miguu inapoanza kuvimba na chakula kutotamanika, mara nyingi sehemu kubwa ya nguvu za figo imekwisha kupotea, wala hairudi.

Hapo ndipo taabu huanza. Mashine ya kusafisha damu kwa kawaida humtaka mgonjwa mara 3 kwa wiki, kila mara saa zipatazo 4. Mkazi wa Bagamoyo anayehudumiwa Muhimbili husafiri kilometa zipatazo 400 kila wiki, kwenda na kurudi. Ndugu yake wa Mafia anayetibiwa huko hana njia ila kuhama kisiwani.

Ni kweli taifa limepiga hatua. Novemba 2017, Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, kazi ambayo kabla ya hapo iliwapeleka wagonjwa wetu India. Tunaipongeza. Hata hivyo, upandikizaji si dawa ya umma mzima, kwani kila mgonjwa humhitaji mtu wa kumtolea figo.

Kinga iko karibu zaidi. Mkojo ukipimwa protini na damu ikipimwa kreatinini, angalau mara moja kwa mwaka, madhara hugunduliwa mapema. Wakati huo, sukari na shinikizo la damu vikidhibitiwa, figo zaweza kutunzwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tunawataka wakuu wa afya wa wilaya na visiwa wahakikishe vipimo hivi havikosekani katika vituo vya afya, na kwamba mwenye dalili anaandikiwe rufaa kwa bingwa mara moja, si baada ya kuvimba. Aidha, mabingwa wafanye ziara za tarehe zinazojulikana. Ni nafuu daktari mmoja kuja Bagamoyo kuliko wagonjwa 30 kumfuata Dar es Salaam.

Nao wagonjwa wasijinunulie ovyo vidonge vya kutuliza maumivu, kwani baadhi yake huumiza figo. Kila waendapo kliniki waulize mkojo wao ulipimwa lini mara ya mwisho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.