Tarehe Inayopotosha Bila Kelele

Mtunza hesabu wa Saccos akifungua Excel akakuta alama za ##### mahali pa tarehe, hushtuka. Kumbe mara nyingi hapo hakuna kilichoharibika: safu ni nyembamba, ukiipanua tarehe inaonekana. Kosa la kuogopwa ni lile lisilomshtua mtu. Chukua rejesho lililotakiwa tarehe 5 Machi 2024 na likalipwa siku hiyohiyo. Likiandikwa 05/03/2024 kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, programu itaelewa 3 Mei. Mwanachama mwaminifu atahesabiwa amechelewa siku 59, na faini juu. Nayo 25/03/2024, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, itabaki maandishi matupu na kuvuruga mpangilio wa orodha. Safu moja imebeba makosa mawili, na lililo baya zaidi ndilo linaloonekana sahihi.

Chanzo chake ni kwamba Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiona. Huhifadhi idadi ya siku, na kwa kawaida 1 ni Januari 1, 1900. Machi 5, 2024 ni 45356. Mei 3 ni 45415. Kubadili mwonekano wa kisanduku ni kuivisha namba nguo nyingine, mwili ni uleule. Kwa hiyo pima kwanza: geuza kisanduku kionyeshe namba ya kawaida. Kikibaki vilevile, ni maandishi. Kikitoa 45415, siku na mwezi vimepishana, na dawa ni kurudi kwenye stakabadhi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye makini hawezi kupitiwa. Wanasayansi walipitiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Genome Biology ulikuta takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zina majina yaliyoharibiwa, kwa mfano SEPT2 kugeuzwa kuwa tarehe ya Septemba. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba majina hayo yamebadilishwa. SEPT2 sasa ni SEPTIN2. Wengine watasema inatosha kuweka mpangilio wa Kenya au Tanzania. Inasaidia, lakini faili la CSV hubeba maandishi tu, na kila kompyuta inayolifungua huyasoma kwa kanuni zake.

Kinga ya kudumu ni kuingiza tarehe kwa mwaka, mwezi, siku: 2024-03-05, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza. Ni kweli, hatukuzoea kuandika hivyo. Lakini hakuna anayelazimika kusoma hivyo: tarehe ikishaingia sawasawa, ripoti inaweza kuionyesha kwa mtindo wowote. Chama kinachotoza faini kwa kuhesabu siku kina wajibu wa kuhakikisha siku hizo ni za kweli kabla hakijamdai mtu hata senti.