Mikanda ya Taimingi na Magari Yasiyo na Rekodi Katavi

Gari likifika Mpanda, mkoani Katavi, mara nyingi limeshapita mikono mingi. Limetumika Japani miaka kumi au zaidi, likashuka bandari ya Dar es Salaam, likamilikiwa na mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha likasafiri zaidi ya kilometa 1,000 kuja kufanya kazi kwenye njia za Sumbawanga, Tabora au Karema. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila inalitoza kodi zaidi kwa uzee wake. Kila linapobadili mikono, taarifa ya lini mkanda wa taimingi ulifungwa hubaki kwa aliyeuza, kama yeye mwenyewe aliwahi kuijua. Naamini hapo ndipo injini nyingi zinapopotelea.

Mkanda huo ni wa mpira wenye nyuzi ngumu ndani. Kazi yake ni kuunganisha mzunguko wa krankshafti na wa kamshafti, ili valvu zifunguke na kufungika pistoni zikiwa mahali pake. Kwa injini nyingi za Toyota muda wake ni kilometa 100,000. Zile za D-4D za Hilux na Hiace, yaani 1KD na 2KD, zimepewa kilometa 150,000. Lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo mafundi makini huhesabu pia miaka, mitano hadi saba. Gari la misheni linalotembea kilometa 8,000 kwa mwaka litafikisha 100,000 baada ya miaka zaidi ya kumi na miwili, na mkanda utakuwa umechoka zamani. Gari la abiria linalokwenda kilometa 300 kwa siku, siku sita kwa wiki, hukaribia kuumaliza ndani ya mwaka mmoja. Lami iliyounganisha Mpanda na Tabora kupitia Koga na Ipole imefanya mwendo wa namna hiyo uwezekane, huku wenye magari wengi wakiwa bado na mazoea ya enzi za vumbi: gari hupelekwa gereji linapogoma.

Kuna somo baya ambalo madereva wetu walilipata kwenye magari mazuri. Noah ya zamani yenye injini ya 3S, na Corolla za 4A na 5A, mkanda ukikatika gari huzima tu. Valvu hazigongani na pistoni. Unavutwa, unafungiwa mkanda mpya, unaendelea na safari. Kizazi kizima cha madereva kikazoea kwamba mkanda ni kitu cha kusubiri kikatike. Wakapanda kwenye Hiace ya dizeli, Hilux, na Land Cruiser ya 1HZ wakiwa na imani hiyohiyo. Kwenye dizeli hakuna nafasi ya kusamehe: pistoni hugonga valvu, valvu hupinda, na mara nyingine silinda hedi nayo huharibika. Mwenye gari anayekwepa gharama ya mkanda huishia kuagiza injini ya mtumba kutoka Dar.

Toyota iliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi za dizeli zake. Hiyo taa hufuata hesabu ya kilometa. Odomita ikirudishwa nyuma, ikafa, au dashibodi nzima ikabadilishwa kwa ya mtumba, taa nayo hupotoka. Wapo pia wanaoizima bila kugusa mkanda, kwa sababu inamsumbua macho dereva. Na haihesabu saa: gari la watalii ndani ya Hifadhi ya Katavi huweza kunguruma asubuhi nzima likiangalia viboko na kuongeza kilometa chache sana.

Ushahidi wa kuaminika zaidi huwa chini ya boneti, na wengi hawajui kuusoma. Gereji za Japani hubandika stika inayoonyesha tarehe na kilometa za kubadilisha mkanda. Mwaka huandikwa kwa kalenda yao: 15 ya enzi ya Heisei ni 2003, kwa kuwa unajumlisha 1988. Anayeona 15 akadhani ni 2015 amejiongezea miaka kumi na miwili ambayo mkanda hauna.

Ufundi wenyewe nao unapungua. IST, Vitz na Probox za injini ya 1NZ hutumia cheni, na Hilux mpya za tangu 2015 pia. Kijana anayejifunza leo anaweza kukaa muda mrefu bila kupanga alama za taimingi za mkanda, wakati magari ya mkanda ndiyo yanayozidi kusukumwa mikoa ya pembezoni.

Kwa hiyo, ukinunua gari na muuzaji hana rekodi, hesabu kwamba mkanda umekwisha. Badilisha pamoja na tenshena yake, kagua sili zinazovujisha oili, na kama ni injini ambayo mkanda huzungusha pampu ya maji, kama 3S, ibadilishe hapohapo. Kisha mwambie fundi aandike kwa rangi, juu ya kava la mkanda, tarehe na kilometa za siku hiyo. Atakayelinunua gari baada yako ataihitaji rekodi hiyo.