VIBUYU VITANO, WIMBO MMOJA

Askari aliyepata kusimama katika gwaride anaifahamu bendi. Mpiga tarumbeta hodari aweza kuupiga wimbo wote peke yake, tangu mwanzo hata mwisho. Lakini huko Busoga, mashariki ya Uganda, ulipo mji wa Buwenge katika barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli, uko muziki wa kupuliza usiokubali jambo hilo. Jina lake ni bigwala.

Bigwala ni tarumbeta za vibuyu, zenye urefu mbalimbali. Iliyo ndefu hutoa sauti nzito, iliyo fupi sauti nyembamba, na kila moja ina sauti moja tu. Wapulizaji hawapungui watano. Huanza mmoja, wengine wakamfuata, kila mtu akitia sauti yake kwa zamu, hata wimbo ukakamilika. Kisha huingia waimbaji na ngoma, na wachezaji huwazunguka wapulizaji wakitikisa viuno polepole. Kazi yao ni kama lindo: aliyeiacha zamu yake ameacha pengo ambalo mwenzake hawezi kuliziba.

Ulaya nako watunzi walipenda kuwaweka wapulizaji wachache mbele ya okestra nzima, wajibizane nayo. Mwaka 1778, mjini Paris, Mozart alitunga kazi ya namna hiyo kwa filimbi, obo, baragumu na basuni. Kazi hiyo ilinunuliwa lakini haikupigwa, na maandishi yake ya asili yakapotea. Nakala iliyotokea katika karne ya 19 ina klarineti mahali pa filimbi, na wataalamu wangali wanabishana kama kweli ni ya Mozart.

Basi, karatasi ikipotea, huenda nakala ikapatikana. Bigwala haina karatasi. Imehifadhiwa vifuani mwa watu.

Ilipulizwa hasa katika kutawazwa na katika maziko ya Kyabazinga, mtawala wa Busoga. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, ikakosa baraza lake. Falme zilirudishwa kuanzia mwaka 1993, lakini wazee wengi walikuwa wamekwisha kufariki. Mwaka 2012 UNESCO iliiandika bigwala miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa mabingwa wazee walikuwa wamebaki wanne tu. Wanne, na wimbo unataka watano!

Tangu hapo juhudi zimefanywa. Vijana wamefundishwa kutengeneza na kupuliza, na mbegu za vibuyu zimepandwa, maana navyo vilikuwa vimeadimika.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi apendaye mwanawe ajifunze zeze au filimbi aweza kumpeleka peke yake kwa mwalimu. Kwa bigwala hilo halitoshi: hana budi kuwaita na watoto wa jirani, hata watimie watano.