Shuka la Waskoti

Ukitaja Uskoti kwetu, wengi hukumbuka mambo mawili: pombe kali na wanaume wanaovaa sketi. La kwanza tuliache. La pili lina kasoro, maana ile sketi, yaani kilti, ni nusu tu ya vazi. Vazi lenyewe lilikuwa shuka, na mtu hawezi kulielewa kabla hajaijua nchi iliyolizaa.

Uskoti ni kipande cha kaskazini cha kisiwa cha Uingereza, nchi ya watu milioni 5 na ushei. Wengi wao wamejazana kusini, katika ukanda wa Glasgow na Edinburgh. Kaskazini na magharibi ziko Nyanda za Juu, na jina hilo lisikutishe. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika Uingereza nzima, una mita 1,345. Mtu aliyeketi Iringa mjini yuko juu kuliko kilele chake. Kinachotisha pale ni maji. Mji wa Fort William, ulio chini ya mlima huo, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa manyunyu ya kutwa yanayosukumwa na upepo yakakupiga ubavuni. Chini ni matope meusi, vijito haviishi, na kiangazi kikifika huja visubi wasiomwacha mtu akae.

Katika nchi hiyo, mpaka karne ya 18, waliishi wafugaji wasemao Kigaeli. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe wadogo weusi, waliowaswaga kwa miguu siku nyingi hadi minada ya kusini kama ule wa Crieff. Mswaga ng'ombe anavuka maji tangu asubuhi na kulala popote giza linapomkuta. Suruali ikilowa imlowee hadi lini? Alichohitaji ni blanketi, na blanketi ndilo alilovaa. Neno lenyewe, plaide, kwa Kigaeli ni blanketi, basi. Likishafungwa mwilini kwa mkanda waliliita féileadh mòr, vazi kubwa la kujizungushia.

Vitanda vyao vya kufumia vilikuwa vyembamba, vikitoa kitambaa cha sufu chenye upana wa sentimita 70 hivi. Basi walifuma mita 8 au zaidi, wakakata katikati, wakashona vipande viwili ubavu kwa ubavu. Hapo likapatikana shuka la mita 4 au 5 kwa upana wa karibu mita moja na nusu. Kusokota na kutia rangi za mizizi, majani na ukoga wa mawe ilikuwa kazi ya wanawake. Kisha waliuzunguka ubao mrefu, kitambaa kimeloweshwa mkojo uliochacha, wakakigonga na kukipokezana huku mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, mpaka sufu ikashikamana na upepo ukakosa pa kupenya. Nyimbo hizo zipo hadi leo. Mkojo umeachwa.

Sasa kulivaa. Ajuaye kufunga lubega ana nusu ya ujuzi. Unatandaza mkanda sakafuni, juu yake unatandaza shuka kwa urefu wake. Kila upande unaacha kipande kitupu chenye upana wa tumbo; sehemu yote ya katikati unaikunja marinda, moja baada ya jingine, hadi mita nne zimebaki upana wa mgongo. Unalala chali juu ya marinda, pindo la chini likiwa usawa wa magoti. Unafunika kipande cha upande mmoja, kisha cha pili juu yake, unakaza mkanda, unasimama. Nimejaribu kwa mashuka mawili ya kitanda yaliyoshonwa pamoja. Mara ya kwanza marinda yote yalihamia upande mmoja nikaonekana nimebeba mtoto. Kosa ni kulegeza mkanda.

Ukishasimama, nusu ya juu inaning'inia nyuma kama sketi ya pili, na hapo ndipo akili ya vazi hili ilipo. Siku ya kazi unaipandisha na kuibana kwa pini begani kushoto, mkono wa kulia ukibaki huru kwa fimbo au upanga. Mvua ikija unaifunika mabega yote na kichwa. Ncha ukizichomeka mkandani unapata mifuko. Usiku unafungua mkanda, unajiviringisha, unalala. Edmund Burt, Mwingereza aliyefanya kazi Inverness, katika barua zake zilizochapwa mwaka 1754 aliandika kwamba usiku wa baridi kali na upepo walilichovya shuka mtoni kwanza ndipo wakajifunika. Sufu iliyolowa ikazuia upepo, na joto la mwili likatoa mvuke ndani.

Wapo wataalamu wanaouliza nani angelala chali kwenye matope kila asubuhi ili avae, na mimi naona swali lao ni zuri. Lipo shuka la karne ya 19 lenye vitanzi na kamba kwa ndani: unavuta, marinda yanajikunja, umesimama.

Vazi hili liliponea chupuchupu kufa kwa siasa. Waasi wa Nyanda za Juu waliposhindwa vitani Culloden tarehe 16 Aprili 1746, serikali ya London ilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume na wavulana kuanzia Agosti 1747: miezi 6 jela, na ukirudia, miaka 7 ng'ambo. Aliyeruhusiwa ni askari wa mfalme tu, yaani lilelile vazi la uasi likawa sare ya dola. Sheria ilifutwa mwaka 1782, watu wakiwa wamezoea suruali. Kilichorudi ni kilti fupi, sherehe zaidi kuliko kazi, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822 akiwa amevaa kilti na soksi ndefu za waridi. Desturi ya kila ukoo kuwa na mirabaraba yake rasmi nayo ni ya karne hiyohiyo. Pale Culloden waasi walitambuana kwa utepe mweupe kofiani, si kwa mirabaraba.

Leo Mskoti hukodi kilti kwa ajili ya harusi. Kilti nzuri hushonwa kwa yadi 8 za kitambaa, na mafundi huzipata kwa kuchukua yadi 4 za kitambaa kipana na kukipasua katikati kwa urefu. Sufu ni karibu kiasi kilekile cha shuka la zamani, ila sasa yote imeshonewa nyuma kwenye marinda, na haifunuki tena ikawa blanketi.